Shahada ya uhasibu haitoshi: Safari ya CPA hupangwa tangu mwaka wa kwanza

Na Mwandishi Wetu

KILA mwaka vyuo vikuu na vyuo vya biashara nchini Tanzania hutunuku shahada za uhasibu kwa vijana wengi, na wengi wao hutoka katika viwanja vya mahafali wakiamini kuwa tayari ni wahasibu kamili. Kwa mujibu wa sheria za nchi, bado wana safari mbele yao. Shahada humfikisha mhitimu mlangoni tu. Mwenye mamlaka ya kumsajili mtu kuwa mhasibu au mkaguzi wa hesabu ni Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA).

Kutoielewa tofauti hiyo mapema huwagharimu vijana miaka. Wapo wanaogundua baada ya kuhitimu kuwa shahada waliyosoma haiwapi msamaha wa masomo waliyoutarajia katika mitihani ya Bodi. Wengine huahirisha mitihani hadi majukumu ya kazi na familia yanapowazidi. Makala haya yanaeleza hatua za safari hiyo, kuanzia kidato cha sita hadi kupata usajili, ili mwanafunzi na mzazi wake wapange mambo kwa mtiririko mmoja.

Sheria inasema nini

NBAA iliundwa kwa Sheria ya Usajili wa Wakaguzi na Wahasibu Namba 33 ya mwaka 1972 na kuanza kazi Januari 1973. Tofauti na Kenya, ambako chombo cha kutahini na chama cha wanataaluma ni taasisi mbili, nchini Tanzania Bodi hiyo moja ndiyo inayotunga mitihani, kusajili wanataaluma, kusimamia viwango vya kazi na kuwachukulia hatua wanaokiuka maadili. Sheria inakataza mtu kufanya shughuli za uhasibu au ukaguzi wa hesabu kitaaluma bila kusajiliwa.

Uzito wa usajili huo huonekana wazi katika soko la ajira. Katika matangazo ya kazi serikalini, mwenye shahada ya biashara iliyojikita katika uhasibu huweza kuomba nafasi ya Afisa Hesabu. Anayetaka nafasi ya Mhasibu hutakiwa, pamoja na shahada, kuwa na CPA au sifa nyingine inayolingana nayo na inayotambuliwa na NBAA. Watu wawili waliokaa dawati moja chuoni wanaweza hivyo kuajiriwa katika ofisi moja kwa vyeo tofauti.

Kwa upande wa ukaguzi, masharti ni makali zaidi. Ripoti ya ukaguzi wa hesabu za kampuni husainiwa na mwenye CPA aliyesajiliwa kutoa huduma kwa umma. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo iliweka sharti kuwa ritani ya kodi ya kampuni iandaliwe au ithibitishwe na mtaalamu wa aina hiyo. Kwa hiyo kijana anayeota kufungua ofisi yake ya ukaguzi hana njia ya mkato.

Mchepuo, alama na chuo

Safari huanza katika sekondari. Mchepuo uliozoeleka zaidi ni ECA, yaani Uchumi, Biashara na Uhasibu, ingawa wanafunzi wa michepuo mingine yenye Uchumi au Hisabati, kama EGM, nao hupokewa katika vyuo vingi. Kiwango cha chini kilichowekwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa waliomaliza kidato cha sita kuanzia mwaka 2016 ni ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi 4.0, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Anayetokea ngazi ya stashahada hutakiwa kuwa na wastani wa alama usiopungua 3.0. Chuo kinaweza kuweka sharti la juu zaidi ya hilo, hasa katika Hisabati ya kidato cha nne, hivyo mwombaji hana budi kusoma masharti ya kila programu.

Vyuo vyenye historia ndefu katika fani hii ni pamoja na Shule ya Biashara ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Mzumbe, Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, Chuo cha Elimu ya Biashara (CBE) kilichoanza mwaka 1965, Taasisi ya Uhasibu Tanzania (TIA) na Chuo cha Uhasibu Arusha (IAA) kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Shahada hiyo kwa kawaida huchukua miaka 3.

Aliyesoma nje ya nchi ana kazi ya ziada. Cheti chake cha sekondari huhitaji ulinganisho wa Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), na shahada yake huhitaji kutambuliwa na TCU kabla ya kuitumia kuomba usajili wa mitihani.

Jina la shahada lina maana

Hapa ndipo wengi hujikwaa. Shahada ya uhasibu, shahada ya fedha na benki, shahada ya usimamizi wa biashara na shahada ya uchumi huonekana kama ndugu wa damu, na mwaka wa kwanza masomo yake hufanana sana. Mbele ya Bodi hazina uzito sawa. Kwa kawaida mwenye shahada iliyojikita katika uhasibu, kutoka chuo kinachotambulika, husamehewa hatua ya msingi na kuanzia hatua ya kati. Mwenye shahada ya fani nyingine huanzia chini zaidi, hata kama ana daraja la kwanza.

Mwanafunzi anayefikiria kubadili mkondo mwaka wa pili, kwa mfano kutoka uhasibu kwenda masoko kwa sababu somo la gharama limemshinda, anapaswa kwanza kupima atapoteza msamaha gani. Ni busara kuandaa jedwali dogo: upande mmoja masomo ya mtaala wa Bodi, upande wa pili masomo ya chuo yanayolingana nayo. Pengo likionekana katika kodi, ukaguzi au sheria ya biashara, mwanafunzi huchagua masomo ya hiari ya kuliziba wakati bado yuko darasani.

Ngazi za mitihani

Mitihani ya NBAA hufanyika mara mbili kwa mwaka, Mei na Novemba. Ipo ngazi ya cheti cha ufundi wa uhasibu, ATEC I na ATEC II, ambayo huwafungulia njia waliomaliza sekondari bila kupitia chuo kikuu. Juu yake kuna hatua ya msingi, hatua ya kati na hatua ya mwisho.

Katika mtaala wa mwaka 2014, hatua ya kati ilipangwa kuwa na masomo 6, yakiwamo uhasibu wa fedha, usimamizi wa fedha, ukaguzi, fedha za umma na kodi, na usimamizi wa utendaji. Hatua ya mwisho ilipangiwa masomo 4, yakiongozwa na utayarishaji wa taarifa za fedha za makampuni. Mtaala hupitiwa upya kila baada ya miaka kadhaa, hivyo mtahiniwa anapaswa kuchukua toleo linalotumika kutoka kwa Bodi yenyewe badala ya kutegemea karatasi alizorithi kwa kaka au dada aliyemtangulia.

Hesabu ya muda ni rahisi. Chukua mhitimu aliyemaliza chuo Julai na aliyesamehewa hatua ya msingi, mwenye masomo 10 mbele yake kwa mpangilio huo. Akiketi Novemba mwaka huo huo na kugawa kila hatua mara mbili, atahitaji vipindi vinne vya mitihani: Novemba, Mei, Novemba na Mei. Akifaulu bila kurudia, atamaliza katika mwaka wa pili tangu ahitimu. Akisubiri miaka miwili ili kwanza apate ajira, kisha arudie vipindi viwili, mwaka wa tano tangu ahitimu utamkuta bado katika chumba cha mtihani.

Kikwazo cha kwanza katika ratiba hiyo huwa nyaraka. Usajili wa mitihani ya Novemba hufungwa miezi kadhaa kabla, wakati ambapo vyuo vingine vinakuwa bado havijatoa hati za matokeo. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anapaswa kufuatilia tarehe za Bodi tangu mapema na kuuliza chuo chake ni lini nyaraka zitapatikana. Ahakikishe pia majina katika cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na hati za chuo yanafanana herufi kwa herufi; tofauti ndogo ya jina huweza kumlazimu kutafuta hati ya kiapo na kumpotezea kipindi kizima cha mitihani.

Mtihani wa Bodi si wa chuo

Mtihani wa chuo mara nyingi humuuliza mwanafunzi afafanue uchakavu wa mali na kutaja njia za kuukokotoa. Mtihani wa taaluma humpa kampuni yenye tatizo na kumtaka atoe uamuzi.

Tuseme kampuni ilinunua mashine kwa Sh60 milioni, ikitarajia kuitumia miaka 5 na kuiuza mwishoni kwa Sh10 milioni. Uchakavu wa kila mwaka kwa njia ya mstari mnyoofu ni Sh10 milioni, hivyo baada ya miaka miwili thamani ya vitabuni ni Sh40 milioni. Hapo mhandisi anaripoti kuwa mashine imeharibika, na kiasi kinachoweza kurejeshwa kwa kuitumia au kuiuza ni Sh33 milioni. Mtahiniwa anatakiwa kutambua hasara ya kushuka kwa thamani ya Sh7 milioni, kuiingiza katika taarifa ya mapato, kisha kukokotoa upya uchakavu wa miaka 3 iliyobaki, ambao kwa thamani ile ile ya mabaki unakuwa takriban Sh7.67 milioni kwa mwaka. Akiishia kwenye Sh10 milioni za mwanzo, hesabu yake ni sahihi kwa kanuni ya darasani na si sahihi kwa kampuni iliyoko mbele yake.

Kwa sababu hiyo, kukariri hakumfikishi mtu mbali. Bodi huchapisha maswali ya vipindi vilivyopita pamoja na majibu yanayopendekezwa, na hiyo ndiyo nyenzo ya kwanza ya kujisomea. Mtahiniwa alijibu swali zima kwa kalamu na saa mezani, ndipo afungue majibu. Katika mtihani wa saa 3 wenye alama 100, kila alama ina dakika 1.8, swali la alama 20 halistahili kupewa zaidi ya dakika 36. Wengi huanguka kwa kutumia saa nzima kutafuta mizania ilingane, huku maswali mawili waliyoyamudu yakibaki bila kuguswa.

Hatari nyingine ni vitabu vilivyopitwa na wakati. Tanzania ilianza kutumia viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha na vya ukaguzi kuanzia Julai 1, 2004, na viwango hivyo havikai mahali pamoja. Kiwango cha IFRS 15 kuhusu mapato kilianza kutumika mwaka 2018, na IFRS 16 kuhusu ukodishaji mwaka 2019. IFRS 18 kilichotolewa Aprili 2024 kinahusu vipindi vya hesabu vinavyoanza Januari 1, 2027 na kuendelea, na kinachukua nafasi ya IAS 1 ambayo vizazi vingi vya wanafunzi vimeisoma. Aliyeanza chuo mwaka 2024 anahitimu katika mwaka huo huo wa 2027, hivyo sura aliyofundishwa mwanzoni kuhusu mpangilio wa taarifa za fedha atalazimika kuisoma upya.

Kodi nayo hubadilika. Sheria ya Fedha hupitishwa na Bunge kila mwaka na kuanza kutumika Julai 1. Anayesomea mtihani kwa daftari la miaka mitatu iliyopita huweza kukokotoa vizuri kwa viwango visivyokuwapo tena. Kwa upande wa hesabu za serikali, tangu mwaka wa fedha 2012/13 nchi ilianza kuhamia katika viwango vya IPSAS vya msingi wa stahiki, ambavyo hutambua madeni na madai hata kabla fedha taslimu hazijalipwa au kupokelewa.

Bajeti ya mwanafunzi

Familia nyingi hupanga ada ya chuo na kusahau gharama zinazofuata. Mtahiniwa hulipia usajili, ada ya mtihani kwa kila somo, vitabu na, akipenda, darasa la mapitio. Akifaulu na kusajiliwa, huendelea kulipa ada ya uanachama kila mwaka. Kila somo linalorudiwa hulipiwa upya, hivyo kujisajili masomo mengi kuliko uwezo wa kujiandaa si njia ya kuokoa fedha.

Aliyesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu azingatie pia kuwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yalipandisha makato hadi asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Mshahara wa kwanza hautabaki wote mkononi. Ni vyema kutenga ada ya kipindi kinachofuata mara tu baada ya kipindi kimoja kumalizika, kwa kiasi kidogo kila mwezi.

Darasa la mapitio humsaidia mwenye msingi. Kwa mtu ambaye hakuwahi kuelewa hesabu za makampuni yenye matawi, wiki chache za jioni haziwezi kufanya kazi ya muhula mzima. Kabla ya kulipa, aulize nani anafundisha, kwa mtaala upi, na kama kazi za wanafunzi husahihishwa.

Uzoefu na usajili

Kufaulu mitihani ya mwisho hakumalizi safari. Ili kusajiliwa kuwa mwanachama kamili katika daraja la ACPA, mhitimu huhitaji uzoefu wa kazi wa miaka 3 katika shughuli za uhasibu. Anayetaka kutoa huduma za ukaguzi kwa umma huhitaji zaidi ya hapo: uzoefu wa ukaguzi chini ya kampuni iliyosajiliwa na kibali cha Bodi.

Kwa hiyo ajira ya kwanza ichaguliwe kwa kuangalia itamfundisha nini kijana, pamoja na mshahara. Aliyekaa miaka mitatu akiandika risiti peke yake ana uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara tatu. Aliyezungushwa katika usuluhishi wa hesabu za benki, mishahara, kodi, bajeti na maandalizi ya hesabu za mwisho wa mwaka ana jambo la kuonyesha. Mwanafunzi anaweza kuanza mapema kwa kutumia vizuri kipindi cha mafunzo kwa vitendo: aombe kupewa kazi mbalimbali, aandike kila wiki alichofanya, na apate saini ya msimamizi mwenye sifa za kitaaluma.

Baada ya usajili, mwanachama hutakiwa kuendelea kujisomea. Kipimo cha kimataifa cha Shirikisho la Wahasibu Duniani (IFAC) ni saa 120 za mafunzo endelevu katika kila miaka 3.

Kwa nini milango ni mingi

Baadhi ya vijana hulalamika kuwa masharti haya ni mzigo usio wa lazima. Historia ya karibuni inatoa jibu. Matokeo ya ukaguzi maalumu wa Akaunti ya Malipo ya Nje (EPA) katika Benki Kuu ya Tanzania, yaliyotangazwa Januari 2008, yalibaini kuwa zaidi ya Sh133 bilioni zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22 katika mwaka wa fedha 2005/06. Nchini Marekani, kuanguka kwa kampuni ya Enron mwaka 2001 kuliizamisha pia Arthur Andersen, iliyokuwa miongoni mwa kampuni kubwa 5 za ukaguzi duniani. Katika matukio kama hayo kuna nyaraka, na nyuma ya nyaraka kuna watu waliosaini au waliokataa kusaini.

Kanuni za kimataifa za maadili zinamtaka mhasibu kuwa na uadilifu, kutoegemea upande, umahiri na uangalifu, kutunza siri na kuwa na mwenendo unaolinda heshima ya taaluma. Mtahiniwa huzikuta katika mitihani kama maswali ya alama chache. Kazini huzikuta pale bosi anapomwomba abadilishe tarehe ya ankara moja tu. Mwenye usajili ana cha kupoteza akikubali, na ana Bodi ya kuitaja akikataa.

Ng'ambo ya mipaka

CPA ya Tanzania ina nafasi pia katika ukanda huu. Mwaka 2011 vyombo vya wahasibu vya Afrika Mashariki vilitia saini makubaliano ya kutambuana sifa, ili mtaalamu wa nchi moja apate utaratibu wa kusajiliwa katika nyingine. Kenya ina mitihani ya KASNEB, chombo kilichoanzishwa mwaka 1969, na usajili wa ICPAK chini ya Sheria ya Wahasibu ya mwaka 2008; Uganda ina ICPAU chini ya sheria ya mwaka 2013. Wapo pia wanaochagua ACCA ya Uingereza, ambayo nayo hudai miezi 36 ya uzoefu. Atakayefuata njia hiyo na kutaka kufanya kazi Tanzania bado atapita NBAA, hivyo aulize masharti kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Mambo ya kukamilisha mapema

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza achukue mtaala wa Bodi unaotumika na kuuweka sambamba na orodha ya masomo ya chuo chake. Wa mwaka wa pili athibitishe kuwa mkondo wake unampa msamaha, na atafute nafasi ya mafunzo kwa vitendo yenye kazi halisi za hesabu. Wa mwaka wa tatu asahihishe majina katika nyaraka zake, ajue tarehe ya kufungwa kwa usajili na aanze maswali ya vipindi vilivyopita. Mhitimu aketi katika kipindi cha kwanza kinachowezekana, kabla elimu ya darasani haijapoa na kabla majukumu hayajaongezeka.